Siku Casimir Alipopinda Mutumbwi

Adolphine mwenyewe alinielezea habari hii juma lililopita, alipokuja kunisaidia kutwanga sombe, majani ya mihogo.

Adolphine anakaa Baraka, analima mihogo. Siku moja habari ilimfikia: dada yake mkubwa amekufa Makobola. Maziko ni kesho asubuhi. Akichelewa, hatamwona tena.

Alipika sombe, beseni nzima ya kupeleka kilioni, kwenye msiba. Jirani yake Clarisse alipika sufuria ya maharagi. Wakapanda mutumbwi wa moteri wa nahodha Casimir pamoja na Nadège, binti ya Adolphine.

Casimir alimpa kila mtu jile, vesti ya kuelea majini. Clarisse akacheka.

"Hii jile ni ya batoto! Nitaifungia wapi kwa hili tumbo?"

"Mama, vuta kamba," Casimir akamjibu. "Maji haichaguake tumbo."

Ziwa lilikuwa limetulia. Bamama walipakata vyombo vyao, kwa sababu kwao chakula cha kilio hakiwekwi chini. Ni kumzarau marehemu.

Karibu na kijiji cha Lweba upepo ukaamka. Mawimbi yakainuka, maji yakaanza kuingia. Clarisse akainuka, akapandisha sufuria kichwani isilowe. Adolphine naye akasimama na beseni yake. Mutumbwi ukalala upande. Nadège akapiga kelele.

"Bamama, mukae!" Casimir akaita. "Na chakula ikae chini, hapa katikati."

"Chini, kwa haya maji ya miguu?" Clarisse akauliza. "Ni chakula ya kilio, siyo ya bata!"

Casimir akapunguza moteri. "Napeleka pua Lweba."

"Unarudi? Chakula ya kilio hairudiake nyuma! Baba Casimir, we ni muoga?" Clarisse akasema.

Casimir hakukasirika.

"Mama, nilitumika miaka mingi kwa mashua za Mpulungu, kule banasema Kiingereza. Bale bakapiteni bako na neno la kurudi kule ulitoka. Bako na lingine la kupinda kidogo. Bako na lingine la kuacha njia moja na kushika ingine. Hata siye tuko nayo. Lakini nyinyi, yote munaita woga. Leo sirudi. Napinda. Mutashukia Lweba, mufuate barabara."

Adolphine akamtazama Nadège. Mtoto alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili, midomo imekauka. Dada alikuwa amekwisha kufa. Huyu alikuwa hai.

Adolphine akaketi. Akaweka beseni ya sombe chini, katikati ya miguu yake, majini.

"Dada atanisamehe," akasema. "Clarisse, weka."

Clarisse akanung'unika, lakini akaweka. Mara mutumbwi ukakaa sawa.

"Munaona?" Casimir akasema. "Uzito ukiwa juu, unatuangusha. Ukiwa chini, unatushikilia. Sasa hakuna mtu kusogea. Nikigeuza haraka, wimbi litatupiga ubavuni, tutapinduka."

Akangoja. Wimbi kubwa likapita. Likapita lingine. Yalipokuja madogo, akapinda pua polepole, kama mama anayegeuza mutoto mwenye kulala. Adolphine hajapata kuona mkono wenye subira namna ile.

Walishuka Lweba wamelowa, lakini wazima. Casimir akavuta mutumbwi mchangani, angoje upepo uishe. Bamama wakapata pikipiki mbili. Clarisse akapanda, sufuria kwenye mapaja.

"Baba Casimir, na hapa niiweke chini?" akamtania.

"Hapo ushikilie dereva!"

Jua lilikuwa bado juu kidogo walipofika Makobola. Adolphine aliuona uso wa dada yake, akalia machozi yote. Kisha watu wakaletewa chakula. Mama mzee mmoja akasikia mambo ya njiani, akashusha tonge.

"Iliwekwa chini?"

"Iliwekwa, mama. Ndiyo maana imefika," Adolphine akamjibu.

Mzee akachovya tonge kwenye sombe, akala, akachovya tena.

Siku hizi Adolphine akipanda mutumbwi anafunga jile kwanza, anaweka mizigo chini katikati, anakaa. Nahodha akisema tunapinda, hamuulizi kama ni muoga. Bamama wengi wa kwao wanafanya vilevile, hata na chakula cha kilio.

Jioni ile ya kilio, pale Makobola, nyimbo ziliimbwa. Nadège alilala wa kwanza, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Clarisse akafuata, akikoroma. Adolphine alikaa akimwangalia dada yake, akimpapasa mtoto mgongoni. Mkono ukaenda polepole, ukasimama. Naye alikuwa amelala.