Joho Lisilo na Pindo

Kila mwaka, mahafali yalipokaribia, nyumba ya Mama Majoho ilijaa kitambaa cheusi. Kilikuwa juu ya meza, juu ya viti, mpaka juu ya kitanda cha binti yake. Vikombe vya chai vilihamishiwa dirishani. Mgeni angedhani kuna msiba. Kumbe ilikuwa kazi ya furaha. Mama na mumewe walishona majoho, yale mavazi marefu yanayovaliwa na wahitimu wa chuo kikuu siku ya kutunukiwa shahada.

Mama alikata na kushona. Mumewe alipiga pasi. Aliifanya kazi hiyo vizuri mno hata mtaa mzima ukamwita Pasi. Siku moja mama mkwe wake naye alijisahau, akamwita hivyohivyo.

Walikuwa na desturi yao ya kazi. Joho halikupindwa pindo mpaka mwenyewe aje. Alisimama katikati ya chumba, akiwa amevaa viatu vilevile atakavyovaa siku ya sherehe. Mama alipiga magoti, pini mdomoni, akapima kutoka sakafuni.

"Ukibadilisha viatu, joho litakutupia lawama," alizoea kuwaambia.

Basi kila mwaka Mama alipiga magoti mbele ya vijana wa watu. Na kila kijana, Mama alimuuliza swali lilelile.

"Ulisoma nini, mwanangu?"

Walimjibu kwa kifupi, macho kwenye simu. Mama alitaka waendelee. Alitaka kujua walifundishwa nini, na nani, na ilikuwaje. Yeye aliacha shule baba yake alipougua, na tangu siku hiyo hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza swali. Alitamani chuo mpaka kifua kikamuuma. Wateja wakiondoka, alijitupia joho la mtu mabegani akajitazama kwenye kioo. Pasi alimwona mara nyingi. Alijifanya anatafuta maji ya kunyunyizia nguo.

Baadhi ya siku Mama alikwenda chuo cha ufundi cha jirani. Huko alikuwa mwalimu msaidizi wa ushonaji, na aliipenda kazi hiyo kuliko kula. Mwaka mmoja mkuu wa chuo alimwita ofisini.

"Nafasi ya mwalimu kamili iko wazi," alisema. "Ingekuwa amri yangu, ningekupa leo. Lakini kanuni zinataka shahada. Unayo?"

"Bado," alijibu Mama.

Alirudi nyumbani na neno hilo kifuani. Bado. Watoto wa shule husema bado. Mtu mzima atasema bado mpaka lini?

Haukupita muda, ujumbe ukaingia kwenye simu yake. "Una uzoefu wa kazi? Pata shahada bila kuingia darasani! Uzoefu wako ndio masomo yako!" Mama alipiga simu. Ilipokelewa na mwanamume mwenye sauti laini, aliyejiita Mratibu.

"Mama, umeshona kwa muda gani?"

"Tangu usichana wangu."

"Tangu usichana! Basi wewe si mwanafunzi, wewe ni profesa ambaye hajatangazwa tu. Chuo chetu ni cha kimataifa. Tutakupa shahada, tena ya daraja la kwanza."

Mama alijua kidogo kwamba anavikwa kilemba cha ukoka. Lakini kilikuwa kimemkaa vizuri.

"Na mtihani?" aliuliza.

"Mtihani wa nini tena? Maisha yamekwisha kukutahini. Nitumie vipimo vyako tu. Mabega, kifua na urefu. Vya joho."

Hapo ndipo Mama alipokamatika. Maana yeye alikijua chuo kikuu kwa mlango mmoja tu, mlango wa joho. Kila mwaka ofisi ya chuo ilimletea vipimo vya wahitimu, mabega, kifua na urefu. Kwake, aliyeombwa vipimo alikuwa ameshahitimu. Alichukua utepe akajipima mwenyewe.

Alituma nusu ya malipo aliyotajiwa na Mratibu. Joho aliamua kulishona mwenyewe, kwa kitambaa kizuri kuliko vyote vilivyowahi kupita mikononi mwake. Alilitundika mlangoni bila pindo. Alikuwa hajanunua viatu.

"Mke wangu," alisema Pasi, "hicho chuo kiko wapi?"

"Mtandaoni."

"Na walimu wake je?"

"Pasi, nimengoja maisha yangu yote. Usinitie doa."

Pasi akarudi kwenye nguo zake. Aliijua shauku ile. Alikuwa ameipigia pasi miaka mingi.

Siku mbili tatu baadaye alikuja Bi Miwani, jirani wa ghorofa ya juu, kuleta sketi yenye zipu mbovu. Bi Miwani alifanya kazi chuo kikuu, katika ofisi inayokagua vyeti vya wanaoomba kujiunga. Aliliona joho.

"Hiki kitambaa si cha mchezo! La nani hili?"

"La mteja," alisema Mama, akiinamisha uso.

"La mteja mmoja anayeniamsha kila asubuhi," alisema Pasi.

Bi Miwani alimkumbatia jirani yake. "Hongera, dada! Na ulivyo msiri! Haya niambie, ulisoma nini?"

Mama akafungua mdomo. Lilikuwa swali lake mwenyewe, lile alilowauliza vijana kila mwaka. Alitafuta jibu. Hakulipata.

"Wametambua uzoefu wangu," alisema mwishoni.

"Walikuuliza nini kabla ya kuutambua?"

"Vipimo."

"Vipimo vya nini?"

"Vya mabega."

Pasi alichomoa waya wa pasi ukutani.

"Dada yangu, keti," alisema Bi Miwani. "Hicho si chuo. Hilo ni duka la karatasi. Nakutana na karatasi zao kazini. Zina mhuri, zina nembo ya dhahabu, zinapendeza kuliko za kweli."

"Nitajuaje kwamba si cha kweli?"

"Kila chuo halali kinatambuliwa na mamlaka ya serikali inayosimamia elimu ya juu. Ukiwauliza, watakwambia kama wanakijua. Kuuliza ni bure. Tena jiulize mwenyewe. Nani amenifundisha? Nimetahiniwa wapi? Chuo kinachotaka hela tu, na hakitaki ujue chochote, kikimbie."

Walipiga simu kwenye mamlaka hiyo palepale. Karani alitafuta, akatafuta tena. Hapakuwa na chuo cha jina hilo.

"Na kama ningekipeleka tu kile cheti kwa mkuu?" aliuliza Mama kwa sauti ndogo.

"Angekituma kihakikiwe. Waajiri wengi hufanya hivyo. Ungefukuzwa hata huo usaidizi, na ungeweza kushtakiwa kwa kutumia cheti cha kughushi. Kusema ulidanganywa kusingekuokoa, maana mkono uliokipeleka ni wako."

"Lakini uzoefu wangu ni wa kweli!" Mama alipiga meza. "Vidole vyangu hivi ni vya kweli!"

"Ni vya kweli, dada. Ndiyo maana wamevitumia kukunasa. Ipo njia halali kwa watu kama wewe, waliojifunzia kazini. Uliza vyuo vinavyotambuliwa. Lakini huko hutapewa shahada mkononi. Watakukalisha chini, watakutahini. Utashona mbele yao, utaeleza kwa nini umekata hivi na si vile. Ukifaulu, unaruhusiwa kuanza masomo. Kisha unasoma kama wengine."

"Wataniuliza maswali?"

"Mpaka uchoke."

Mama akaanza kulia. Pasi alimshika bega. "Usiogope mtihani, mke wangu."

"Siogopi," alisema Mama. "Hicho ndicho nilichokitamani miaka yote hii. Niulizwe."

Kesho yake Mratibu alipiga simu. "Mama, malizia nusu iliyobaki. Shahada iko mezani kwangu."

"Nina swali moja, baba. Shahada yangu ni ya somo gani?"

Karatasi zilisikika zikipekuliwa.

"La... la lolote utakalo, Mama."

Mama alikata simu. Alikwenda kituo cha polisi akaonyesha zile jumbe, ili mwingine asinaswe. Hela zake hazikurudi. Kisha alikwenda kwa mkuu wa chuo cha ufundi, akamweleza yote.

"Nashukuru hukuileta hiyo karatasi hapa," alisema mkuu. "Utabaki kuwa msaidizi. Nafasi ile nitampa mwingine."

Iliuma. Mama alimkaribisha mwalimu mpya kwa tabasamu, akaenda kujifungia chumba cha vitambaa mpaka macho yakakauka.

Halafu akaanza. Alijiandikisha masomo ya jioni. Meza ya kukatia nguo ikawa na vitabu vyake upande mmoja, vya binti upande wa pili. Alipitia ule mtihani wa ujuzi, akaulizwa, akajibu, akarudi nyumbani akiimba, chuo kikuu kimemkubali. Kwenye hesabu alianguka. Alishika tama siku nzima, binti akamkalisha wakaanza upya. Joho lilikaa kabatini, limefunikwa shuka, bila pindo. Wakati mwingine alilifunua akaligusa, akalifunika tena.

Vijana waliendelea kuja kupimwa. "Ulisoma nini, mwanangu?" Sasa alijua la kuuliza baada ya jibu la kwanza, na la kuuliza baada ya hilo. Vijana waliinua macho kutoka kwenye simu.

Miaka ikapita. Mwaka mmoja, ofisi ya chuo kikuu ilileta vipimo vya wahitimu kama kawaida. Mama alivisoma akiwa amesimama. Miongoni mwa hivyo vilikuwamo vyake mwenyewe.

Alilitoa joho kabatini. Mabega yalibana, maana vipimo vya Mratibu vilikuwa vya zamani. Aliyafumua, akayaongeza. Pindo hakuligusa.

"Haya, simama katikati," alisema Pasi. "Viatu viko wapi?"

Mama alivaa viatu vipya. Barua ya mkuu wa chuo cha ufundi ilikuwa pale dirishani, kati ya vikombe, ikisema nafasi imepatikana tena, aanze kazi kama mwalimu kamili baada ya mahafali. Pasi, ambaye hakuwahi kupima pindo la mtu, alipiga magoti sakafuni na pini mdomoni.

"Ulisoma nini, mama?" aliuliza, maneno yakipita kwa shida kati ya pini.

Mama akaanza kumweleza. Alieleza mwaka wa kwanza, akaeleza wa pili, akarudi nyuma kueleza alichokuwa amekisahau. Magoti yalimuuma Pasi, pindo lilikuwa limekwisha kitambo, lakini hakumkatiza.