Aliyeitika Karame

Gahongayire, jirani yetu wa mtaa wa Rwezamenyo, hakuwa mtu wa makuu. Mume alikwisha fariki, na alichobakiwa nacho duniani ni binti mmoja, Umulisa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anang'oka meno ya utoto. Likizo kubwa ya mwaka tisini na tatu akapata kibarua kwenye kituo cha vijana cha mtaa: kuwatunza watoto mchana, mama zao wakiwa sokoni. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Unawanywesha uji wa mtama, unawafuta kamasi, unaamua ugomvi, jioni unamkabidhi kila mtu wake. Umulisa alikuwa akienda naye, na siku zilikuwa njema.

Mchana mmoja wa vumbi watoto wakataka kucheza kumpa mtoto jina. Kwa Wanyarwanda hilo si jambo dogo. Kichanga kikitolewa nje, watoto wa mtaa huitwa, wakala pamoja mkekani, na kila mmoja akakitajia jina. Mwisho mzazi ndiye huamua. Basi wakafunga kitoto cha maganda makavu ya mgomba, wakamkabidhi Gahongayire awe mama.

Mukandekezi, mpishi wa kituo, bibi wa watu, akasogea na mwiko mkononi.

"Mwanangu, wachezeshe yote, hili liache," akanong'ona. "Jina likitolewa mkekani, yupo anayelipokea."

"Aa, mama! Si mchezo tu wa watoto?"

Haya. Mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini nani husikia?

Watoto wakala maharage, wakataja majina, kisha wakaanza kusukumana, huyu akitaka lake, yule lake. Uji ukamwagika. Kichwa kikimgonga, Gahongayire akataka yaishe. Akainua kile kitoto, akataja jina lililokuwa karibu na ulimi wake.

"Anaitwa Umulisa! Basi, tumemaliza!"

Umulisa mwenyewe akaacha kutafuna.

"Mama, hilo si langu?"

Gahongayire akacheka, akambusu shavuni. Kitoto akakitupa stoo, kwenye mipira.

Jioni watoto wengine wote wakachukuliwa. Gahongayire akafunga jiko, akaita huku akitafuta kanga yake.

"Umulisa! Twende nyumbani!"

Mtoto wa kwetu akiitwa na mzazi huitika "Karame", yaani uishi sana. Gahongayire aligeuka. Umulisa alikuwa amesimama mbele yake, anamtazama. Midomo yake haikutikisika.

"Karame!" kukaitikwa kutoka stoo.

Sauti ilikuwa ya Umulisa.

Akafungua. Mipira ilikuwepo. Kitoto hakikuwepo.

Tangu siku hiyo Umulisa hakuitika tena. Akakataa chakula, mwili ukawaka moto. Dawa za zahanati zikaisha bila nafuu. Na kila mama yake aliposahau akamwita, kitu kiliitika badala yake. Mara ya kwanza getini. Kisha uani. Kisha nyuma ya mlango wa chumba. Kila kiliposogea, mtoto alizidi kuwa mwepesi.

"Usimwite tena," Mukandekezi akamnong'oneza. "Mpe jina jipya, upesi. Ila lazima watoto waje wale, wamtajie. Peke yako huwezi."

Gahongayire akapika maharage, akatandika mkeka, akapita nyumba kwa nyumba akiomba watoto. Lo! Habari ilikwisha mtangulia. "Wangu wamelala," kila mama alimwambia, na jua liko utosini. Wanawake wale wale aliowafutia watoto wao kamasi! Maharage yakapoa mkekani. Hakuja hata mmoja.

Akarudi ndani akilia. Pumzi ya mtoto ilikuwa inakatika. Mama ni mama. Akampakata, akasahau yote.

"Umulisa! Umulisa wangu!"

"Karame."

Chini ya kitanda.

Na aliyekuwa mapajani akapoa.

Walipomaliza kuzika, Mukandekezi alimsihi ahame. Hakuhama. Wapita njia walimsikia akiita polepole ndani ya nyumba, na akiitikiwa.

"Najua si yeye, mama," alimwambia Mukandekezi. "Lakini sauti ni yake. Nyingine nitaipata wapi?"

Kila asubuhi aliweka kikombe cha uji kizingitini. Baadaye alikikuta kitupu, kimelambwa mpaka chini.

Aprili iliyofuata mauaji yakaingia mjini, mtaa ukamalizika, waliopona wakatawanyika. Gahongayire hakuonekana tena, si hai, si maiti. Mukandekezi alikuwa miongoni mwa wachache waliorudi. Alikuta nyumba ile haina paa, haina mlango, majani yameota kwenye mafiga. Hapakuwa na dalili ya mtu.

Kikombe kilikuwa kizingitini, kimejaa. Akainama, akakigusa, akaurudisha mkono haraka.

Uji ulikuwa bado wa moto.