Gololi ya Babu

Kling!

Mchwa aliisikia akiwa bado amefumba macho kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kling! Ya pili ilikuwa kali zaidi. Hakuhitaji kufumbua macho kujua kwamba mama amefunga breki ghafla kwenye kona ya duka la vioo.

Ilikuwa gololi ya babu, ile ya kijani, ikigonga ukingo wa kisosi cha bati alichokigundisha juu ya dashibodi. Babu, fundi bomba, aliweza kuendesha kigari chao, Kobe, kutoka nyumbani hadi karakana bila gololi kulia hata mara moja. "Gololi ikilia," alikuwa akisema, "ujue na petroli imelia." Taa nyekundu ikiwa bado mbali, yeye alikwisha kuinua mguu, na Kobe akateleza taratibu kama bwana harusi.

Sasa babu alikuwa na mwaka kaburini. Mama, muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani, alikuwa na haraka kila asubuhi.

"Kobe huyu anakunywa kama ngamia!" mama alisema akiutazama mshale wa petroli. "Nimejaza tangi Alhamisi, leo Jumanne limebaki robo. Mwanangu, nitamuuza. Nimeshapata mnunuzi."

Mchwa aliinuka kitini. "Mama, tumpeleke kwanza kwa fundi wa babu. Tafadhali!"

Fundi, mwanamke mwenye ovaroli iliyopauka, alilizunguka gari akiguna. Alipima upepo wa matairi. "Yamelegea kama soksi za mwaka juzi." Akachomoa kichujio cha hewa, akakigonga, vumbi likamwagika. "Maskini, anapumua kupitia blanketi! Na hii keria juu, mnabebea nini?"

"Hatubebei kitu. Aliifunga marehemu baba," mama akajibu.

"Basi inabeba upepo. Tunaing'oa." Kisha akakunja uso. "Mbona nyuma kumeinama? Buti lina nini?"

"Buti ni tupu. Zana za baba, kaka yangu aliziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu."

Mchwa alitazama viatu vyake. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akinyamaza, Kobe ataendelea kunywa, na mwisho atauzwa.

"Hazikuuzwa zote," alinong'ona.

Alifunua zulia la buti. Ndani ya shimo la gurudumu la akiba zilijaa spana za bomba, jiliwa la kubania vyuma, minyororo na vipande vya mabomba, vimefungwa kwa matambara visigongane.

"Nilivihamisha kimoja kimoja kabla mjomba hajaja," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilifikiri vikiondoka, babu ataondoka kabisa."

"Haya, Mchwa," fundi akauliza, "na gurudumu lenyewe liko wapi?"

"Chini ya kitanda changu."

Fundi alicheka hadi akashika mlango. Mama hakucheka. "Ningepata pancha njiani, na mgonjwa ananisubiri?" Lakini aliokota spana moja, akapitisha kidole kwenye mpini, pale kiganja cha babu kilipoulainisha kwa miaka mingi. "Ungeniambia tu, mwanangu. Hata mimi ninamkumbuka."

"Mpe Kobe wiki moja," fundi alisema akijaza upepo. "Ila hata nikimfanyia nini, mguu wako ukiwa mzito, ni kazi bure."

Zana zikapangwa kwenye rafu sebuleni, na gurudumu likarudi mahali pake. Alhamisi, siku ya kujaza tangi, ilipofika, mama alianza kutoka nyumbani dakika kumi mapema. Mchwa aliketi kiti cha mbele kando yake kabla ya shule, akihesabu. Siku ya kwanza, kling kumi na nane. Ya pili, kumi na moja. Jumanne, wakirudi jioni, walipita kona ya duka la vioo kimya kabisa, na mshale ulikuwa karibu na nusu.

Mama aliegesha nyumbani, simu ikalia. "Samahani, ndugu," mama alimwambia mnunuzi. "Kobe haendi popote."

Alizima injini, akamgeukia mwanawe. "Babu hakutuachia vyuma, Mchwa. Ametuachia mwendo wake. Tulibeba mizigo yake tukasahau mazoea yake. Na kama usingesema kweli pale kwa fundi, Kobe angeuzwa na vyuma vyenyewe ndani."

Mchwa aliigusa gololi. Ilikuwa imetulia katikati ya kisosi.

"Mama, nakuahidi sitakuficha kitu tena. Na siku nitakapoendesha mimi, wewe utalala kiti cha nyuma, na gololi haitakuamsha."