Rangi ya Pili

"Kipanga, ameingia barabara ya maghala. Usimpoteze!" redio ilikoroma sikioni.

"Nimpoteze mimi?"

Pikipiki yake ya Yamaha ilipanda ukingo wa barabara, ikakata kona, ikaziba njia ya gari jeupe. Breki zililia. Kabla dereva hajagusa mlango, mdomo wa bastola ya Glock ulikuwa umeshamgusa shavu.

Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mtungi mdogo wa naitrojeni. Ndani yake, mifuko miwili iliyogandishwa ya damu ya kitovu cha mtoto mchanga. Lebo ileile. Namba ileile.

"Mfuko wa kweli una mnunuzi ng'ambo," mlanguzi alicheka nyuma ya usukani. "Wa bandia ni damu ya mtu mzima, ulikuwa uende hospitali. Uliponikimbiza nikaichanganya mifuko. Haya, dada, chagua."

Kipanga alimfunga pingu kwenye usukani, akawaita wenzake waje kumchukua, akaubeba mtungi mgongoni.

Saa tatu na dakika thelathini na tano asubuhi.

Hospitalini, wodi namba tatu, binti wa miaka tisa alikuwa akisubiri. Dawa zilikuwa zimeshaumaliza uboho wake ili apandikizwe seli za mfuko wa kweli. Madaktari walisema mwisho ni saa nne na nusu. Kama angewekewa seli za mtu mzima asiyelingana naye, zingemshambulia mwili mzima, na ndiyo ingekuwa basi tena.

Mtaalamu wa maabara ya hospitali alikuwa shangazi yake Kipanga. Miaka yote aliambiwa mpwa wake anauza bima. Aliitazama bastola.

"Bima gani hiyo, mwanangu?"

"Ya maisha, shangazi. Tupime vinasaba?"

"Vitakula siku nzima. Lete hapa."

Alikata vimrija vya sampuli pembeni mwa kila mfuko, akatia matone kwenye neli mbili, akaongeza rangi inayong'aa.

"Mtoto mchanga hajaugua kitu," alieleza, mikono ikienda mbio. "Seli T zake, askari wa damu, ni changa, hazijapigana na mtu. Za mtu mzima, nyingi zina kumbukumbu ya vita. Changa zina alama ya RA, na rangi hii huishika."

Leza ikamulika seli moja moja zikipita kwa foleni. Nukta zikajaa kwenye skrini.

Mifuko yote miwili: changa tupu.

Kipanga alitazama saa ya ukutani. Saa nne kamili.

"Basi yote ni halisi," ilisema sauti mlangoni. Mkurugenzi wa benki ya damu, tai imenyooka, jasho linamtoka. "Mpeni mtoto mfuko wowote."

"Siyo haraka hivyo," alisema shangazi. "Kuna seli zilizokwisha kupigana, halafu zinaivaa RA upya. Lakini alama ya CCR7, ya kuingilia kwenye matezi, zimeshaipoteza. Naweka rangi ya pili."

"Kanuni inasema rangi moja! Zima mashine!"

"Izime mwenyewe, kama una ubavu."

Hakuwa nao. Dakika kumi na tano zilipita, na hakuna aliyekaa.

Mfuko wa kwanza: kundi moja, RA na CCR7 pamoja.

Mfuko wa pili: kundi lilipasuka. Nusu nzima ya nukta ilianguka chini ya skrini. RA zilikuwa nayo. CCR7, hamna.

"Wa kwanza ndio wa mtoto!" Shangazi alipiga meza. "Uyeyushwe sasa hivi!" Kisha akamgeukia mkurugenzi. "Damu hii ya pili imechujwa kwa sumaku inayovuta seli zenye RA. Aliyeichuja alijua tutapima rangi moja tu. Na barua ya kufuta rangi ya pili uliisaini wewe mwezi uliopita."

Mkurugenzi alichomoka kuelekea mlangoni. Mguu wa Kipanga ulikuwa umeshatangulia. Tai ikafika sakafuni kabla ya kidevu.

"Mnajua mimi ni nani? Nitawafukuzisha kazi!"

"Andika barua nyingine," alisema shangazi. "Nitaipima kwa rangi tatu."

Saa nne na dakika ishirini na tano, matone ya kwanza yalishuka kwenye mrija wa binti. Kipanga alisimama nyuma ya kioo cha wodi, kofia ya pikipiki kwapani. Redio ilikoroma sikioni.

"Kipanga, hali?"

Binti aliukazia mfuko macho, mdogo, mwenye upara, amechoka hoi. Kisha akautolea ulimi.

"Anapigana," alisema Kipanga, akavaa glovu na kushuka ngazi.