Koti la Mzee Fadul

Kila siku pale Kibra, Zeinabu alipakua chakula, akampelekea mkwewe sahani chumbani. Mkwewe alikuwa Mzee Fadul, askari wa zamani.

"Baba, chakula hiki hapa."

"Weka hapo, mwanangu."

Aliweka, akarudi jikoni. Baadaye aliikuta sahani vilevile, nzi wamejaa.

Wanaume wa nyumba ile walikula pamoja, sinia moja. Fadul naye alikula hapo miaka yote. Kisha mkono wake ukaanza kutetemeka. Siku moja alimwaga mchuzi mbele ya wageni, na mgeni mmoja akacheka. Kesho yake Hamdan, mwanawe na mume wa Zeinabu, akasema, "Baba apewe sahani yake, chumbani kwake. Ni heshima." Heshima! Heshima gani ya kumwacha mtu ale na ukuta?

Wala si hilo tu. Sitelbanat, mke wa mzee, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Baada ya hitima, Hamdan aliajiri mtu wa kukamua ng'ombe, kazi aliyokuwa akiifanya mzee. "Wewe pumzika, Baba," alisema. Mzee akapumzika mpaka akakosa sababu ya kuamka.

Mwezi wa tano alianza kugawa vitu vyake. Fimbo akampa huyu, birika la kahawa akampa yule. Zeinabu akamsifu: "Mzee ana mkono wazi kweli!"

Asubuhi moja akaja Mburu. Huyu alikuwa dresa wa hospitali, mfunga vidonda, mtu wa Kawangware. Kila siku alipita hapo kununua maziwa. Siku hiyo hakutoa chupa. Alitoa koti zito la jeshi.

"Mama, nani amekula na mzee wiki hii?"

"Tunampelekea chakula."

"Sikuuliza hivyo."

Zeinabu akageukia masufuria yake.

"Jana mzee alinipa koti hili," Mburu akasema. "Nikamwambia, Mzee, baridi ya mwezi wa saba inakuja. Akanijibu, 'Hiyo haitanikuta.' Na nyinyi mnasifu mkono wazi!"

Zeinabu akakaa kwenye kigoda. Hamdan, aliyesikia yote kutoka ndani, akatoka nje, amekasirika.

"Nimemkosea nini? Anakula, anavaa, analala pazuri!"

"Hata ng'ombe wako anakula na kulala," Mburu akasema. "Mzee amefiwa na mke. Mmemnyang'anya kazi, mkamtoa kwenye sinia. Mtu akiwa hivyo huanza kujiona mzigo. Akiaga na kugawa vitu vyake, hiyo ni hatari. Nitamwuliza kama anawaza kujiua."

"Usimtajie!" Zeinabu akalia. "Utamtia wazo!"

"Swali halileti wazo, mama. Swali humpa nafasi ya kulitoa."

Wakaingia. Mburu akakaa karibu na mzee, akamwuliza wazi, kwa upole.

"Ndiyo," Fadul akasema. "Nimewaza. Humu ndani hakuna anayeningoja."

Zeinabu alisikia uchungu na aibu. Yeye ndiye aliyebeba ile sahani, kila siku, bila hata kukaa dakika moja.

"Asante kwa kutuambia, Mzee," Mburu akasema. Kisha akawageukia wenyeji. "Asiachwe peke yake. Ondoeni kitu chochote anachoweza kujidhuru nacho. Leo hii twende naye kwa daktari. Na msimhubirie. Msikilizeni."

Walikwenda siku hiyohiyo. Daktari alizungumza na mzee, akawaambia wamrudishe kila wiki. Waliporudi nyumbani, Zeinabu hakupakua sahani. Alimwita mzee kwenye sinia. Mkono ukatetemeka, mchuzi ukamwagikia kanzu ya Hamdan. Watu wote wakamtazama Hamdan. Yeye akamsogelea babake zaidi, akaendelea kula.

Mzee hakupona kwa siku moja. Kuna siku alikataa kutoka chumbani, na Zeinabu alikaa naye humo. Lakini alirudishiwa ndoo yake ya maziwa, na jioni moja akamwuliza Mburu, "Lile koti langu bado liko kwako?"

Mwezi wa saba ukaingia, na baridi kali. Mburu alifika na chupa yake, akamkuta mzee zizini amevaa koti, anakamua pole pole.

"Mzee, baridi imekukuta!"

"Imenikuta," Fadul akajibu. "Na wewe umechelewa. Wenzako wameshachukua maziwa."