Ndugu wa Ziwa Moja

Mtoto alikuwa wa baridi. Hilo ndilo jambo la kwanza alilolihisi fundi cherehani, na jua la mchana lilikuwa kali, behewa zima likijipepea kwa chochote kilichopatikana.

Adabu ya treni ya mjini inajulikana: aliyeketi humpakatia aliyesimama, uwe mzigo au mtoto, wala hakuna anayeuliza jina. Basi mwanamke mwenye shela ya kijivu alipoinama na kusema, "Nishikie, dada," fundi alipokea bila kufikiri. Mtoto akaanza kulia. Fundi alikuwa na mwanawe mchanga nyumbani, amemwacha na mama mkwe tangu asubuhi, na kile kilio kikamtoa maziwa hadi blauzi ikalowa.

"Mnyonyeshe," mwanamke alinong'ona. "Yangu yamekauka."

Fundi akasita. Nani humwomba mtu baki jambo kama hilo? Tena mama gani huyu, tangu amtoe mwanawe mikononi hajamtupia jicho hata mara moja? Moyo ulimwambia akatae. Lakini watu walikuwa wakitazama, na fundi ni mtu wa haya. Haya zimewaponza wengi kuliko ujasiri. Akajifunika mtandio, akampa ziwa. Harufu ya kisima cha zamani ikampanda puani, na yule mtoto akawa anavuta tu, mfululizo, bila kupumzika kuvuta pumzi.

"Ahsante," mwanamke alisema akimchukua. "Sasa ana ndugu."

Treni iliposimama, yule mwanamke akashukia mlango wa upande usio na jukwaa. Hakuna abiria aliyeshtuka.

Nyumbani, binti wa fundi alinusa ziwa, akageuza uso na kupiga mayowe.

"Umepaka nini?" mama mkwe akauliza.

"Sijapaka kitu, mama."

Kesho yake ikawa vilevile. Maziwa ya kopo akayatapika. Mashavu yakaanza kubonyea, na fundi akalia waziwazi, kwa kuwa mtoto alikuwa akimfia mikononi huku kifua kimejaa. Na alipopitiwa na usingizi alasiri, pale pale kitini, alisikia mtu akigugumia kifuani pake, gu, gu, gu, akataka kuinua mkono na mkono ukakataa, akataka kumwita mama mkwe aliyekuwa chumba cha pili akikunja nguo na kuimba kwa sauti ya chini, na ulimi ukakataa, mpaka ile harufu ya kisima ilipoondoka yenyewe ndipo akafumbua macho, akajishika, akakuta maziwa yote yamekwisha.

Fundi alipomsimulia ya treni, mama mkwe hakuuliza mengi. Kulipokucha alimpeleka kwa mganga, bibi mmoja asiyecheka ovyo.

"Ulimpa mwenyewe?" bibi akauliza.

"Nilimpa."

"Basi namfukuzaje? Jini mgeni nina dawa yake. Huyu umemnyonyesha, ni mwanao." Akamsogezea kikopo cha shubiri. "Mwachishe, kama anavyoachishwa mtoto yeyote."

Fundi akajipaka. Alasiri ile akajilaza, macho kafumba, meno kauma. Ile baridi ikaja, ikavuta mara moja, ikatema. Kikafuata kilio cha kitoto, cha uchungu wa kweli, kikazunguka chumba, kikagonga kabati, kikanyamaza. Mungu amsamehe, fundi alikaribia kukibembeleza.

Jioni binti yake alikunywa maziwa ya kopo, akamaliza, akataka mengine. Nyumba nzima ilicheka. Fundi akamlaza kwenye kitanda chake kidogo chumba cha pili, naye akalala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi mama mkwe ndiye aliyetangulia kumwamsha mtoto. Akaja akasimama mlangoni pa fundi na blanketi mkononi.

"Mwanangu," aliita kwa sauti ndogo, "akishaachishwa ziwa, mtoto hulala wapi?"

"Hulala na ndugu zake, mama. Kwani vipi?"

"Njoo umwone alivyojibana ukutani. Kama anampisha mtu."