Mmea Uliofukizwa Udi

Kitu cha kwanza kilikuwa neno moja tu. Burhani alirudi kutoka kazini Braamfontein, akavua viatu mlangoni, na kabla hajafungua kinywa, binti yake Nusaiba, mtoto wa miaka sita, akamwambia kwa sauti ya bibi mzima, "Marahaba."

Hakuna aliyemwamkia. Tena Nusaiba kazaliwa hapahapa Berea, Johannesburg: Kiswahili anakisikia lakini hakisemi, ukimwita anaitika kwa Kizulu, ukimkemea analia kwa Kiingereza.

Burhani akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka asichokielewa, ndiyo maana alicheka kutwa. Katoka Zanzibar miaka kumi na miwili iliyopita, kajifunza kuvuka robot nyekundu, ndizo taa za barabarani, kama wenyeji, na tangu hapo kila cha kwao akakiita ushamba. Tumewaona wengi wa namna hiyo, baadhi yetu kwenye kioo.

Mapenzi yake yote yalikuwa kwenye mmea. Mwalimu mmoja wa chuo aliyekuwa anahama alimwachia monstera, ule mmea wa kutambaa wenye majani mapana yenye matundu. Asili yake misitu ya joto na unyevu; sasa baridi ya Johannesburg ni kavu mpaka midomo inapasuka, na majani yakaanza kuungua pembeni. Burhani akatafuta ushauri kwenye simu: unyunyizie, uupe nguzo iliyovikwa kitu cha kushika maji ili ukwee, uwekee chombo cha maji chini, fukuza vidudu, usisahau mbolea.

Ushauri mzuri. Balaa lilikuwa kwenye vifaa. Maji ya bomba yaliacha madoa meupe kwenye majani, basi akayazimua kwa marashi ya mawaridi aliyoletewa na mama mkwe. Nguzo akaivika bafta nyeupe. Chini akaweka sinia la shaba. Vidudu akavifukiza udi, kila Alhamisi jioni, maana ndiyo siku anayowahi kutoka kazini. Mbolea ikawa mayai mawili mabichi juu ya udongo.

Ummi, mkewe, alisimama akashika kiuno.

"Baba Nusaiba, unajua umefanya nini hapo?"

"Nimetunza mmea."

"Umetandika chano. Bafta, marashi, udi, mayai, tena usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwetu hivyo ndivyo anavyoalikwa ruhani."

"Jini avuke mpaka wa Beitbridge kwa viza gani? Hebu niache, mke wangu. Ushamba wenzako waliuacha uwanja wa ndege."

Mmea ukanenepa. Likatoka jani, likafuata jingine, na Burhani akatembea ndani ya nyumba kama aliyeumba msitu mwenyewe. Ndipo likaja lile neno. Baada yake Nusaiba akakataa chakula. Akawa anakunywa maji tu, na kila magharibi anakwenda kukaa chini ya majani, kimya, kama mtu anayesikiliza habari za kwao.

Jumanne umeme ukakatika jua linazama, na katika lile giza la ghafla Ummi akasikia kitu kama kanga mpya inayokunjuliwa polepole, kisha harufu ya mawaridi ikaja nzito kooni, ilhali chupa ilikwisha tangu wiki mbili zilizopita, kisha akawasha tochi ya simu na kuona mizizi ya hewani, ile myembamba ya kahawia ambayo mumewe aliisifia kama mtu anayesifia ndevu zake, imeshuka kwenye nguzo, imepita juu ya zulia, imeuzunguka mkono wa mwanawe mara tatu kama bangili, na mtoto kakaa shingo imenyooka, macho wazi, anatabasamu.

"Baba Nusaiba," akanong'ona. "Usipige kelele. Njoo."

Burhani akaja. Hakucheka. Akachukua kisu, akaugusa mzizi mmoja kwa ncha tu, na damu ikatoka mkononi mwa Nusaiba.

Kisu kikaanguka.

Ummi akampigia simu Bi Mwanaharusi, mama wa Tanga anayeshona nguo Fordsburg na kutibu watu wenye mashetani. Haikupita saa, akaingia anahema.

"Ghorofa nane, lifti imekufa! Eish! Jini huyu ana subira kunishinda." Akamulika sinia, bafta, mayai. "Nani katandika?"

Burhani akarudi hatua moja nyuma ya mkewe.

"Nauliza nani katandika. Siulizi nani mjinga, hilo naliona."

"Mimi, bibi," Burhani akasema chini chini.

Bi Mwanaharusi akachuchumaa, akatoa salamu kwa adabu. Nusaiba akajibu, kwa Kiswahili cha kale, kila neno limepigwa pasi.

"Nimezoea majumba ya mawe. Huyu kanileta kwenye sanduku la zege, jirani anakaanga samaki mchana kutwa, na marashi yenyewe kayatia maji. Wiki nane ananipangusa majani na kuniimbia kama mbuzi, hajaniuliza hata jina. Nikachukua mtoto. Mtoto ana heshima."

"Basi nenda zako, bwana mkubwa."

"Niende? Nimealikwa."

Bi Mwanaharusi akamgeukia Burhani. "Mgeni wa chano hafukuzwi, mwanangu. Huhamishwa. Atamwacha mtoto akipewa kiti kingine, mwili mwingine wa kukaa, na wa kukitoa ni aliyemwalika."

"Lakini bibi, mimi mambo haya siyaamini..."

"Yeye kakuomba umwamini?"

Kucha za Nusaiba zilikwishaanza kugeuka kijani. Burhani akaziona. Na yule mtu ambaye hakuwahi kumpigia goti yeyote ila bosi wake, akapiga magoti mbele ya chungu cha maua, kamasi zinamtoka.

"Niwie radhi. Mwache mwanangu. Kaa kwangu."

Mizizi ikalegea. Nusaiba akaangua kilio, kwa Kiingereza, akitaka mkate na siagi ya karanga, na Ummi akamkumbatia mpaka akakohoa.

Mmea ulinyauka kwa siku mbili, ukatupwa. Nusaiba anakula, anapiga kelele, anawajibu wazazi wake ovyo. Burhani anakwenda kazini kama kawaida. Wenzake wanasema amekuwa mpole. Ila akirudi nyumbani hakai. Anavua viatu, anatia miguu kwenye beseni la maji, na kusimama dirishani uso umeelekea mwanga, hasemi kitu, hadi jua lizame. Na kila Ijumaa Ummi huja nyuma yake taratibu, akamshika mabega na kumgeuza nusu mzunguko, ili asikue upande mmoja.